Kitambulisho cha Taifa nacho ni pembejeo, usikiazime

Wiki hii naweka pembeni kantangaze na mbolea ya kukuzia, nataka tuongee kuhusu namba ya NIDA. Najua wapo watakaouliza, afisa ugani na vitambulisho wapi na wapi? Subiri kidogo. Katika kata ninazozungukia hapa Ilala, kuanzia wanaolima mchicha na matembele pembeni ya Mto Msimbazi hadi wafugaji wa kuku wa Chanika na Msongola, swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu wadudu. Ni hili: "Bwana shamba, namba sina, itakuwaje?" Na linalofuata hapo hapo: "Si naweza kutumia ya mdogo wangu?"

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane. Namba ya NIDA leo ni pembejeo kama ilivyo mbegu, dawa na mbolea. Bila hiyo unaweza ukalima, lakini utalima kwa hasara. Kwa hiyo mkulima asiiazime yake wala asiombe ya mwenzake. Upande wa pili, wanaotoa huduma kwa mkulima wasiifanye kuwa mlango pekee wa kuingilia, maana jembe halikusubiri namba ili lianze kulima. Haya mawili nayasema kwa pamoja kwa sababu nimeona watu wakishika moja na kuliacha lingine.

Zamani tulijuanaje?

Wazee wetu walitambulishwa na watu. Ulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, anakujua wewe, baba yako na shamba lenu linapoishia. Ukitaka kitu serikalini unapata barua yenye mhuri, mambo yanakwenda. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ilitungwa mwaka 1986, lakini mamlaka yenyewe ya vitambulisho, yaani NIDA, ilianzishwa 2008, na vitambulisho vya kwanza vikazinduliwa 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 27 tangu sheria hadi kadi.

Tena tuseme ukweli, wengi wetu hatukuikimbilia NIDA kwa ajili ya uraia. Tuliikimbilia kwa ajili ya laini ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba mwaka huo, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Wanaokumbuka foleni za miezi ile wanaelewa ninachosema. Mtu alikuwa anaacha tenga la nyanya kwa jirani sokoni anakwenda kupanga foleni tangu alfajiri, jioni anarudi hajafikiwa.

Kuna watu wazima wanaosikia neno kitambulisho wakakumbuka neno lingine: kipande. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya kibarua. Kila siku aliyofanya kazi iliwekewa alama, na mpaka zitimie siku 30 ndipo mshahara unahesabika. Kule Kenya Mwafrika mwanamume alilazimishwa kutembea nacho shingoni ndani ya kikopo cha bati, na mpaka leo wenzetu wakitaja kitambulisho wanasema kipande. Kile kipande kilimtumikia bwana mwenye shamba. Kilimwambia kibarua wake yupo wapi na anamdai siku ngapi. Kitambulisho cha taifa kinatakiwa kifanye kazi kinyume chake: kimtumikie aliyekishika. Kila ninapoona ofisi inamwambia mkulima "huna namba, rudi nyumbani" bila kumwelekeza popote, naona kipande kinachungulia.

Lakini kukosa kutambuliwa nako kuna gharama yake, na sisi wa Ilala jina la soko letu linatukumbusha. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ambao kambi yao ilikuwa pale. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wale walikufa kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia ndugu zao. Nenda kaiangalie Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi kwa pamoja, lakini jina la mpagazi hata mmoja hulioni. Mtu alibeba mzigo, akafa, na familia yake haikulipwa. Kwa hiyo mimi siwezi kusimama na wanaosema namba hizi ni usumbufu mtupu. Kuandikwa jina lako sawasawa, mahali ambapo halitafutika, ni mali.

Namba inaingiaje shambani?

Tuchukue mbolea. Mpango wa ruzuku ulizinduliwa na Rais Samia Nane Nane ya mwaka 2022 kule Mbeya, mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP ukashushwa mpaka shilingi 70,000 wakati sokoni ulikuwa zaidi ya laki moja. Mkulima anasajiliwa pale shamba lilipo: jina, utambulisho wake, simu, ukubwa wa shamba na zao analolima. Halafu anapata namba yake ya mkulima, ndiyo anayokwenda nayo kwa wakala. Sasa angalia hapo. Kuna mnyororo wa vitu vitatu: jina, simu na shamba. Kimoja kikiwa cha mtu mwingine, mbolea nayo inakuwa ya mtu mwingine.

Hili linawagusa sana watu wa Ilala kuliko tunavyofikiri. Hapa mjini tumejaa wakulima wa simu. Mtu ana fremu yake Gerezani au kizimba sokoni, lakini ana ekari tano za mpunga Rufiji, au mihogo Mkuranga, au ufuta Kilwa. Anatuma hela, msimamizi analima. Wakati wa usajili msimamizi anaandikwa yeye kwa kuwa ndiye aliyepo. Ujumbe wa simu unaingia kwake. Mbolea inatoka kwa jina lake. Mwaka wa kwanza hakuna tatizo, wanaelewana. Mwaka wa pili wakigombana juu ya gunia tatu za mpunga, kwenye mfumo mwenye shamba ni msimamizi, na wewe uliyetoa hela huna hata karatasi ya kuonyesha kwa mtendaji wa kijiji.

Mbali na mbolea, fikiria na haya. Ukitaka kusajili kampuni yako ya kuuza miche au chakula cha kuku BRELA, unaulizwa namba. TIN ya TRA, unaulizwa namba. Akaunti ya benki, hivyo hivyo, na wanaouza korosho na ufuta kupitia vyama vya msingi wanajua kwamba malipo yanapita benki. Kikundi kikiomba ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, kila mwanakikundi anatakiwa ajulikane ni nani. Nimeshaona kikundi cha akina mama kumi kinakwama kwa ajili ya wawili ambao majina yao hayasomeki sawa. Wanane wote wanakaa wanasubiri.

Hasara ya kuazima

Watu wanadhani kuazima namba ni kama kuazima jembe, ukimaliza unarudisha. Namba hairudi. Ikishaingia kwenye mfumo kwa ajili ya jambo fulani, limeshakuwa lako.

Nitoe mifano ambayo naikuta kwenye kazi, majina siyatoi.

Mama muuza mboga ana laini anayoitumia miaka mitano. Wateja wa jumla wote wanaijua, hela ya biashara iko humo. Aliinunua kwa kijana aliyekuwa anasajili laini barabarani, yeye hakuwa na namba, kijana akamwambia "usijali mama, nakusajilia." Alimsajilia kwa vidole vya nani, hajui mpaka leo. Siku simu imekwapuliwa kwenye msongamano wa Kariakoo, anakwenda kurudisha laini anaambiwa alete mwenyewe aliyesajiliwa. Mwenyewe ni nani? Hela ipo, anaijua mpaka shilingi ya mwisho, na hawezi kuigusa. Kwake yeye huo ndio ulikuwa mtaji wa kununulia mchicha kesho yake asubuhi.

Mfano wa pili uko upande wa aliyeazimisha. Kijana anampa rafiki namba yake na kidole chake ili asajili laini "ya biashara." Baada ya muda laini ile inatumika kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii." Polisi wakifuatilia, jina linalotokea ni la nani? Unaweza ukajitetea na ukaeleweka, lakini siku utakazopoteza kituoni hakuna atakayekulipa, na bustani haikusubiri. Matembele yasipomwagiliwa siku tatu kwa jua la Januari, hayana cha kuvuna.

Mfano wa tatu ni wa wazee wetu. Shamba la mzee linaandikwa kwa namba ya mtoto mkubwa kwa sababu mzee "anasumbuka kwenda mjini." Nia ni nzuri. Mzee akifariki, wadogo zake wanakuta kila kitu kina jina la kaka. Mimi kazi yangu ni mazao, lakini nimeshaitwa kwenye vikao vya familia kueleza nani alikuwa analima, kwa vile tu mimi ndiye niliyekuwa nakuja kuangalia migomba.

Kwa hiyo ukiniuliza "naweza kutumia ya mdogo wangu?", jibu langu ni hapana. Hata kama mdogo wako ni mtu mwema. Hasa kama ni mtu mwema, maana utamwingiza kwenye mambo asiyoyajua.

Lawama siyo ya mkulima peke yake

Sasa niseme upande wa pili. Kuna maofisa wenzangu wanapenda kusema mkulima ni mzembe, amekaa miaka yote hajachukua namba. Wengine ni wazembe kweli. Lakini kaa na mtu anayelima mchicha umsikilize. Mchicha unavunwa wiki tatu au nne, unamwagiliwa asubuhi na jioni, na ukipitiliza siku mbili unakomaa, mnunuzi hautaki. Huyo mtu ukimwambia leta barua ya mtaa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya msingi, kisha nenda ofisi ya wilaya, halafu rudi tena kwa kuwa mtandao uko chini, umemwambia achague kati ya namba na chakula cha watoto. Cheti cha kuzaliwa chenyewe hana, inabidi aanzie RITA. Shule alisoma Lindi, cheti kilioza kwenye mafuriko ya Msimbazi.

Halafu kuna vidole. Hili ni la wakulima hasa na watu wa mijini hawalijui. Mtu aliyeshika jembe miaka 30, anayemenya mihogo, anayechanganya dawa bila glavu, anayefanya kibarua cha saruji kiangazi, ncha za vidole zimelika. Anaweka kidole kwenye mashine, inakataa. Anaweka tena, inakataa. Wa nyuma yake wanaguna. Anaondoka na aibu kana kwamba ameiba kitu. Ugonjwa huu hauko Tanzania peke yake. India nao wana namba yao, Aadhaar, na tangu 2018 mbolea ya ruzuku nchi nzima inauzwa kwa mashine ambayo mkulima anaweka kidole, na wafanyakazi wa mikono wanalalamikia jambo hilo hilo. Lakini wenzetu waliacha mlango wa pembeni: mkulima anaweza kuonyesha kadi yake ya mkopo wa kilimo au kadi ya mpiga kura akauziwa mbolea. Huo mlango ndio ninaoutaka mimi.

Kuna na suala la kadi zilizolala. Namba mtu anayo, kadi iko ofisini haijachukuliwa. Mwaka 2025 NIDA ilitangaza kusitisha matumizi ya namba za watu waliotumiwa ujumbe wa kwenda kuchukua vitambulisho vyao na hawakwenda. Naielewa hasira ya serikali, kadi zimechapishwa kwa hela ya walipa kodi halafu zinakaa kwenye maboksi. Lakini ujumbe wa simu unamfikia nani? Kama laini ilisajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, au simu iliibwa, au namba aliyoandika 2019 ameshaiacha, ujumbe umekwenda hewani. Ukimfungia namba mtu wa namna hiyo umemfungia simu, benki na mbolea kwa mkupuo mmoja. Ushauri wangu kwa wahusika ni huu: kabla ya kufunga, bandikeni orodha ofisi ya serikali ya mtaa na mumtume mjumbe nyumba kwa nyumba. Mjumbe bado anatujua. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza hata kabla ya kompyuta.

"Lakini bila namba tutaibiwa"

Hoja hii naiheshimu. Wanaokumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/2009 wanajua yaliyokuwa yanasemwa. Vocha zinasainiwa na mtu ambaye hajaona mfuko. Mkulima anauza vocha yake kwa wakala kwa hela ya soda, wakala anadai serikalini fedha yote. Malalamiko ya majina hewa yalikuwa kila mahali. Mfumo wa sasa wenye namba umepunguza mwanya huo na mimi nauunga mkono. Sitaki turudi kwenye karatasi.

Ninachosema ni kwamba wizi ule haukufanywa na bibi asiyekuwa na kitambulisho. Ulifanywa na watu wenye vitambulisho, mihuri na madaftari. Kumzuia bibi kupata mfuko mmoja wa mbolea hakumzuii mwizi. Basi weka utaratibu: asiye na namba aandikwe na mtendaji mbele ya mjumbe na afisa ugani wa kata, apewe kiasi kinacholingana na shamba ambalo sisi tumelipima kwa miguu yetu, na apewe msimu mmoja awe ameshapata namba. Shamba halidanganyi. Nusu ekari ya mahindi hailali mifuko kumi ya urea. Sisi maafisa ugani tupo kwa ajili hiyo, tutumieni.

Na hizo kopi?

Jambo lingine linaloniudhi ni kopi. Kila ofisi inataka kivuli cha kitambulisho. Kikundi kinataka, chama cha akiba kinataka, duka linalokopesha vifaranga linataka, mwenye fremu anataka. Zunguka Kariakoo uone kwenye maduka ya kutoa kopi karatasi zilizoharibika zinavyotupwa au kufungiwa karanga. Zina picha yako, jina lako na namba yako. Na kumbuka namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Watu wengi wamefanya tarehe hiyo hiyo kuwa namba ya siri ya simu. Umeshamwachia mtu ufunguo na kufuli.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume kwa ajili hiyo. Kenya mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma Namba ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanyika kwanza. Yaani mahakama iliambia serikali kwamba taarifa za mwananchi siyo karatasi ya kufungia karanga. Hapa kwetu tuanze na kitu kidogo: anayetaka kopi aseme anaitaka ya nini na ataiweka wapi. Viongozi wa vikundi vya wakulima, hili linawahusu ninyi kwanza. Daftari lenye namba za wanachama wote halikai juu ya meza ya genge.

Ya kufanya wiki hii

Mimi ni mtu wa shamba, makala bila vitendo siyo makala. Chukua kalamu.

1. Kama una namba lakini kadi hujachukua, nenda serikali ya mtaa ukaulize kama imefika, ikishindikana nenda ofisi ya NIDA ya wilaya. Kama umeisahau namba, piga *152*00# ufuate maelekezo.

2. Kama kadi yako imeandikwa tarehe ya mwisho na imepita, usiitupe. Serikali iliondoa ukomo huo mwaka 2023, kadi bado ni halali.

3. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikaondolewe. Meseji za matapeli zitume 15040.

4. Kama laini unayotumia siyo ya jina lako, toa kwanza hela iliyomo. Baadaye mtafute aliyesajiliwa mkabadilishe pamoja. Usisubiri simu iibiwe.

5. Jina liwe moja kila mahali. Hamisi asiwe Khamis benki, Hamis kwenye chama cha msingi na Hamisi NIDA. Chagua lililopo kwenye kitambulisho, mengine yafuate hilo. Malipo ya mazao yanarudi kwa herufi moja tu.

6. Unapokwenda kuchukuliwa alama za vidole, wiki moja kabla pumzisha mikono na saruji, chokaa na kumenya mihogo. Kila usiku osha kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta ya nazi au ya mgando. Siku ya kwenda nawa mikono uikaushe vizuri, vidole vyenye mafuta navyo mashine inavikataa.

7. Mkulima wa simu, nenda shambani mwenyewe msimu wa usajili ukaandikwe wewe. Nauli ya Rufiji ni ndogo kuliko mifuko mitano ya mbolea. Na msimamizi wako mwandikie makubaliano yake pembeni, naye ana haki yake.

8. Wenye wazazi wazee, mpelekeni mzee akapate namba yake kabla hamjaandika shamba lake kwa jina la yeyote. Akiulizwa tarehe ya kuzaliwa asibahatishe kwa kutaja yoyote ili foleni iende. Hiyo tarehe ndiyo itakayokaa mwanzo wa namba yake, na kila cheti kitakachofuata kitalinganishwa nayo.

Kwa watendaji wenzangu, najua tunabanwa. Takwimu zinatakiwa, mfumo unataka kila kisanduku kijazwe, na kisanduku cha namba kikiwa wazi haukuruhusu kuendelea. Lakini mkulima aliyesimama mbele yako ameacha maji yanatiririka kwenye tuta. Mwandike kwenye daftari, mpe siku ya kurudi, na mwelekeze mahali pa kuanzia kupata namba. Usimwache atoke mlangoni akiwa anatafuta mdogo wake wa kumwazima.

Wale wa Buguruni, Vingunguti na Kinyerezi ambao vikundi vyenu vinaandaa maombi ya mkopo, leteni majina na vitambulisho niwasaidie kuyasoma herufi kwa herufi kabla hamjapeleka. Halihitaji hela wala chai. Wiki ijayo tunarudi kwa kantangaze, maana wengi mmeuliza mtego uwekwe urefu gani kutoka ardhini, na nyanya za bondeni zimeshaanza kutoboka majani.